Hamamu, Mvuke na Manukato

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwaeleza habari za manukato katika nyumba ya kuogea. Huenda mtu akauliza, "Je, mambo ya kuoga nayo ni historia?" Twajibu kwamba ndivyo, maana katika maji, moto na harufu zimo safari za majahazi, akili za wajenzi, na hatari moja ambayo hata sasa yaua watu.

Tuanze na asili yake. Warumi wa kale walikuwa mabingwa wa kujenga bafu za watu wote. Katika mji wa Roma bafu za Kaisari Caracalla zilifunguliwa mwaka 216. Sakafu za vyumba vya joto ziliinuliwa juu ya nguzo fupi, na moto ukawashwa katika tanuri zilizo mbali na waogaji. Hewa ya moto ilipita chini ya sakafu na ndani ya kuta. Mwogaji alipakwa mafuta, kisha jasho na uchafu vikakwanguliwa kwa chombo kilichopindika. Waarabu walipoishika nchi ya Shamu katika karne ya 7, waliurithi ufundi ule na kuuendeleza, wakaita nyumba hizo hammam, nasi twasema hamamu. Moja ya kale, Qusayr Amra, iliyojengwa katika karne ya 8, ingali imesimama katika nchi ya Jordan.

Manukato nayo yalikuwa na njia zake. Ubani ni utomvu wa mti umeao Dhofar katika Oman na kaskazini mwa nchi ya Wasomali. Watu huchanja gome, utomvu ukatoka na kukauka, kisha wakaukusanya. Baharia mmoja wa Kiyunani, aliyeandika habari za bahari yetu katika karne ya 1, aliutaja kuwa bidhaa kubwa ya pwani zile. Udi hutoka mbali zaidi, Assam na nchi za mashariki yake. Mti wake ukishikwa na ugonjwa hutoa utomvu mweusi ndani ya mbao, na mbao hiyo ndiyo yenye thamani. Marashi mawaridi yalikuwa sifa ya Uajemi, ambako maua yalichemshwa, mvuke wake ukapozwa, ukawa maji yenye harufu.

Mambo haya yote yalikutana Unguja. Yapata mwaka 1850 Seyyid Said bin Sultan alijenga hamamu huko Kidichi, karibu na Bububu, kwa ajili ya mkewe Shehrzad, mjukuu wa Shah Fath Ali wa Uajemi. Ndani yake kuta zilipambwa kwa chokaa iliyochongwa maua na ndege, kwa desturi ya kwao bibi huyo. Baadaye mwanawe Seyyid Said, Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alileta maji ya chemchemi mjini kwa mifereji, tena akajenga hamamu ya watu wote, waliolipa ada na kuingia. Mjenzi wake alikuwa Haji Gulamhussein. Hamamu hiyo ilifungwa mwaka 1920, lakini jengo lingalipo, na mtaa wake waitwa Hamamni hata leo.

Sasa tutazame hekima iliyomo. Joto huyafanya mafuta ya manukato kupanda hewani upesi, kwa hiyo katika chumba chenye mvuke kitu kidogo chatosha. Matone machache ya marashi au asumini chache hukijaza chumba kizima. Lakini moshi ni jambo jingine. Moshi wa udi katika chumba chenye unyevu hushikamana na kuta zilizolowa na kuacha weusi. Ndiyo maana desturi ya pwani ni kuoga kwanza, mtu akajifuta, ndipo chetezo kikaletwa mahali pakavu, nguo na nywele zikafukizwa. Nguo kavu huishika harufu vema. Tena manukato hayaondoi uchafu, bali huufunika kwa muda tu.

Liko jambo zito kuliko hayo. Wajenzi tuliowataja waliweka moto nje ya chumba cha kuogea, wala hawakukosea. Makaa yawakayo katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushika mahali pa hewa njema katika damu. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hulegea, kisha huzimia, na asipotolewa hufa. Harufu tamu ya udi haimwonyi, bali humfanya adhani kwamba mambo ni salama. Basi katika nchi za baridi, kama Usambara na Kilimanjaro, mtu aingizaye jiko la makaa bafuni na kufunga mlango ili apate joto ajitia katika mauti.

Kwa hiyo yatupasa kufanya hivi. Maji yapashwe moto nje, ndipo yaingizwe ndani. Dirisha liwe wazi. Chetezo kitumiwe mahali penye hewa ipitayo, wala kisiachwe chumbani mwa mtu alalaye. Mtu akikutwa amezimia karibu na makaa, atolewe nje mara moja katika hewa safi, na msaada wa mganga uitwe.

Wazee wetu walisema, "Tahadhari kabla ya hatari." Kuta za Kidichi na Hamamni zatufundisha neno hilo hilo kwa mawe na chokaa. Walipenda anasa za harufu nzuri, lakini maji yalitangulia, na moto ukakaa mahali pake.