Boriti hulazwa, haiwekwi tu

MAJUZI nilikuwa nikipanua sebule yangu. Fundi akaugongagonga ukuta wa kati, akaniambia: "Prof, hii ukuta tunatoa, tunaweka bimu, kwisha maneno." Mhandisi aliyekuwa nasi akamuuliza swali moja tu: "Na hiyo bimu italalia wapi?" Fundi kimya.

Swali hilo lilinirudisha Lamu. Kabla ya bimu tulikuwa na boriti, neno ambalo wasomaji wa Biblia wanalijua kwa ile boriti ya jichoni. Pwani, boriti ni mti wa mkoko, tena wenye daraja yake. Wakataji huipanga miti hiyo kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ndizo zilizolazwa juu ya kuta za mawe ya matumbawe, zikabeba sakafu nzito ya ghorofa ya juu. Kwa kuwa mti huo haumudu mzigo kama huo ukiwa mrefu mno, vyumba vya kale vya Lamu ni virefu lakini vyembamba, upana wake mita 3 hivi au pungufu. Mkoko ndio uliompimia mwenye nyumba! Majahazi yalizipeleka boriti hizo hadi Uarabuni na Ghuba, na huko nako vyumba vikafuata kipimo kile kile.

Chuma kikakivunja kipimo hicho. Mwaka wa 1856 Henry Bessemer alivumbua mbinu iliyoshusha sana gharama ya kutengeneza chuma cha pua. Kufikia 1883, Sultani Barghash alikuwa amejenga Beit al-Ajaib kule Unguja, jumba lenye nguzo ndefu za chuma na baraza pana kuizunguka kila ghorofa.

Je, chuma kimefuta uzito? Hata kidogo. Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba hilo hilo iliporomoka likiwa katika ukarabati, watu wawili wakafariki.

Ukiuondoa ukuta na kutia boriti ya chuma, mzigo uliosambaa kwenye ukuta mzima unakusanyika kwenye ncha mbili. Ndiyo maana dari hutegemezwa kwanza kwa nguzo za muda, kisha ncha hizo hulazwa juu ya zege imara, si tofali tupu. Pengo lililo juu ya boriti nalo huzibwa kabisa kabla ya nguzo za muda kuondolewa.

Basi, msomaji wangu, sina ugomvi na "bimu", lugha hukopa. Ugomvi wangu ni na "kuweka". Kikombe huwekwa popote. Boriti hulazwa, na kinachotaka kulala sharti kiwe na kitanda.

Ukuta wangu ulingoja wiki tatu, hadi zege ikakauka. Gharama iliniuma, lakini wajukuu wangu hucheza chini ya boriti hiyo.