Liwali Asiye na Jeshi: Said bin Salim na Siasa za Unyanyembe

Msomaji wa historia ya Unyanyembe aghalabu hukutana na Fundikira, Mirambo, Isike na Tippu Tip. Said bin Salim el-Lamki hutajwa kwa kupita tu, ilhali ndiye aliyebeba jina la sultani wa Unguja huko Tabora katika miaka ambayo jina hilo lilikuwa zito kuliko nguvu iliyokuwa nyuma yake.

Alifika Kazeh mnamo Novemba 1857 akiongoza msafara wa Burton na Speke. Burton alimsawiri kuwa mtu mwoga. Hata hivyo, wawili hao waliachana kwa ugomvi wa malipo, na Speke, aliyewafahamu wote wawili, alimchukua tena kuongoza msafara wa 1860. Maradhi yakamfanya abaki Kazeh mwaka uliofuata. Baadaye akawa liwali.

Neno hilo, lililotokana na Kiarabu al-wali, lilimaanisha jambo jingine pwani. Kule liwali alikuwa na askari na forodha. Unyanyembe ardhi ilikuwa ya mtemi, hongo ilikuwa ya mtemi, na wafanyabiashara wenye pembe na bunduki zao hawakumhesabu liwali kuwa zaidi ya mwenzao. Kazi yake ilikuwa kusuluhisha, kuandika barua na kuwapokea wageni. Livingstone, Stanley na Cameron wote walipita katika utawala wake.

Udhaifu huo ulidhihirika mwaka 1871. Waarabu wa Tabora walimwendea Mirambo, aliyeifunga njia ya Ujiji, wakidhani vita vitakwisha upesi. Waliiteka Zimbizo, kisha kikosi chao kikavamiwa njiani kikirudi na nyara. Tarehe 22 Agosti Mirambo mwenyewe aliingia Tabora, akachoma nyumba, na Khamis bin Abdullah akauawa. Askari waliotumwa baadaye na Barghash hawakuleta ushindi. Lawama zikamwangukia liwali, ingawa (na hili husahauliwa) hakuwa na mamlaka ya kumwamuru tajiri yeyote apigane wala akae nyumbani.

Mtemi Mkasiwa alipofariki mwaka 1876, Isike alitawala, na mhasimu wa liwali, Abdallah bin Nasibu, akapata rafiki ikulu. Mwaka 1878 Said alifukuzwa. Hakuondolewa na sultani aliyemteua: aliondolewa na mfanyabiashara mwenye watu wenye silaha, kwa ridhaa ya mtemi mwenye nchi, na Unguja ikaachwa ipokee habari.