Kariakoo Hupotei, Goba Unapiga Simu Mara Tatu: Nani Aliichora Dar?

Mtaa wa Kongo ukijaa machinga hadi pikipiki haipiti, mbeba mzigo wa Kariakoo hasumbuki. Anakata kona, anaibukia Sikukuu au Swahili, safari inaendelea. Sasa nenda Goba. Bati la nyumba ya shemeji unaliona kabisa, ila kufika lazima urudi lami, uzunguke bonde, na bodaboda anakuongezea buku. Jiji ni hilo hilo moja.

Kinachochekesha, waliochora Kariakoo hawakuwa na nia njema. Wajerumani walianza kuipima kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaendeleza, na lengo lilikuwa Waafrika wakae upande wao. Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati, ukuta usio na matofali. Hata jina limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi pale. Lakini mitaa iliyonyooka na kukatana kila baada ya nyumba chache ilibaki, na wajukuu wa waliotengwa ndio wanaofaidi leo.

Baada ya uhuru jiji likakimbia kuliko wapimaji. Sensa ya 1967 ilikuta watu wasiofika laki tatu. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Watu walifuata barabara kubwa nne: Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa. Wakaingia ndani, wakanunua vipande vya mashamba kwa wenyeji, shahidi mjumbe. Kila mtu akajenga hadi mwisho wa mpaka wake; njia ikawa kile kilichobaki. Kwa kuwa vichochoro vya ndani haviungani, wote mnamwagikia barabara ile ile saa kumi na mbili asubuhi. Halafu foleni inalaumiwa kwa daladala.

Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilijaribu kitu tofauti Sinza: viwanja na barabara kwanza, nyumba baadaye. Ndiyo maana Sinza mpaka leo una pa kuchomokea. Tandale, jirani tu, kuna nyumba ambazo gari la zimamoto haliwezi kuzifikia, na mjamzito wa usiku anatembezwa hadi lilipo gari.

Kufungua njia sasa hivi ni fidia, kesi na alama ya X nyekundu ukutani. Chanika na Msongola bado kuna viwanja vyenye mihogo tu, na wanunuzi wanapimiana kwa hatua.