Aneurisimu ya ubongo: mahali ilipo huongoza matibabu
Aneurisimu ni uvimbe mfano wa kiputo unaotokea pale ukuta wa ateri ulipodhoofika. Skani ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa huonyesha mahali ilipo ubongoni. Takriban 85% huwa kwenye ateri za mbele, na nyingi huweza kubanwa kwa kibanio katika upasuaji wa fuvu. Zilizo nyuma hupasuka kwa urahisi zaidi. Mara nyingi huzibwa kwa nyaya laini zinazopitishwa ndani ya mshipa. Kope la jicho moja likilegea ghafla, huenda aneurisimu inabana neva ya jicho. Mkazi wa Bugarama apatwapo na dalili hiyo, au maumivu makali ya ghafla ya kichwa, awahishwe hospitali yenye skani, kama zilizopo Bujumbura.