Historia ya Watoto Bila Kutia Chumvi

Mwulize mwanafunzi yeyote wa sekondari ni somo gani linalomletea usingizi, na usishangae akikujibu kuwa ni historia. Atakutajia mwaka, atakutajia mkataba, atakutajia jina la gavana, kisha atanyamaza. Hajui kama yule gavana alikuwa mrefu au mfupi, mkarimu au bahili, wala alikuwa akimwogopa nani. Amekariri ili ajibu mtihani, na mtihani ukishapita, historia nayo imepita.

Leo nataka kumzungumzia mama mmoja wa Kimarekani aliyepambana na ugonjwa huo kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Jina lake Jean Fritz, mwandishi wa vitabu vya watoto, aliyefariki dunia mwezi Mei 2017 akiwa na umri wa miaka 101.

Ingawa alikuwa Mmarekani, hakuzaliwa Marekani. Alizaliwa mwaka 1915 katika mji wa Hankou nchini China, ambako wazazi wake walikuwa wamisionari, na akasomeshwa huko katika shule ya Waingereza. Wanafunzi walitakiwa kuimba wimbo wa Mfalme wa Uingereza. Yule binti akakataa. Mfalme huyo hakuwa wake! Mwishowe akapata hila: kwa kuwa Wamarekani nao wana wimbo wao wa kizalendo unaofuata ala ileile, akawa anaimba maneno ya kwao huku wenzake wakiimba ya Mfalme. Mfalme mwenyewe alikuwa George wa Tano, yuleyule ambaye serikali yake ilikuwa ikiitawala Tanganyika wakati huo, na ambaye wazee wetu waliopitia shule za enzi hizo nao walifundishwa kumwimbia.

Kisa hiki amekieleza katika kitabu cha utoto wake kilichotoka mwaka 1982. Nakitaja kwa sababu ndicho kinachonionyesha jicho lake lilikotoka. Mtoto anayeijua nchi yake kwa kusimuliwa tu, huku akiishi ng'ambo, hujenga kiu ya kuijua kwa undani. Alipofika Marekani akiwa na umri wa kama miaka 13, kiu hiyo haikukatika.

Baada ya kuolewa na kupata watoto wake, alifanya kazi ya kuhudumia watoto katika maktaba ya mji mdogo wa Dobbs Ferry, jimbo la New York. Alikuwa akiwasomea hadithi wakiwa wamemzunguka. Mtu yeyote aliyewahi kumsomea mtoto anafahamu kwamba hapo hakuna adabu ya bandia. Hadithi ikipwaya, mmoja anaanza kuchezea kiatu, mwingine anataka kwenda kunywa maji. Ikinoga, wote watauliza: halafu ikawaje?

Swali hilo ndilo alilolifanya kuwa jina la kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1973, kinachomhusu Paul Revere, sonara wa Boston. Kila mtoto wa Kimarekani humjua Revere kama shujaa aliyepanda farasi usiku wa tarehe 18 Aprili 1775 kwenda kuwatahadharisha wananchi kwamba askari wa Kiingereza wanakuja. Sifa hiyo ilienezwa mno na shairi la Longfellow, lililoandikwa mwaka 1860, ambalo linamfikisha shujaa mpaka mji wa Concord.

Ukweli ni kwamba Revere hakufika Concord. Alifika Lexington, akatoa habari, akaendelea na safari na wenzake wawili, William Dawes na Samuel Prescott, na njiani akanaswa na doria ya Waingereza. Farasi akanyang'anywa. Aliyefika Concord ni Prescott, ambaye wengi hata hawajamsikia. Na bunduki zilipoanza kulia kulipokucha pale Lexington, shujaa wetu alikuwa akisaidia kubeba sanduku la nyaraka za mkubwa mmoja wa mapinduzi, John Hancock, lisije likaangukia mikononi mwa adui.

Je, habari hiyo inampunguzia Revere heshima? Mimi naona inamwongezea. Mtoto anayesoma kwamba mtu huyo aliondoka nyumbani kwa haraka akasahau vile vyuma vya kuchokorea farasi vinavyofungwa kwenye visigino, anamwona binadamu anayefanana na baba yake anayerudi ndani kutafuta funguo. Isitoshe, sonara huyu alikuwa pia akitengeneza meno ya bandia. Rafiki yake Dakta Joseph Warren aliuawa vitani mwezi Juni 1775, na maiti yake ilipofukuliwa mwaka uliofuata, Revere ndiye aliyeitambua, kwa meno aliyoyafunga kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Jean Fritz alijiwekea sheria: hakuna kutunga. Neno likiwekwa ndani ya alama za kunukuu, ni lazima liwe limetoka kwenye barua, shajara au maandishi mengine ya wakati ule. Waandishi wengi wa watoto hawajali. Huwatungia mashujaa mazungumzo marefu, eti mtoto ni mtoto, hatajua. Ni kweli kuna vituko alivyovichukua kutoka simulizi za jadi, kama kile cha makasia ya mtumbwi wa Revere kuviringishiwa gagulo la mwanamke yasipige kelele, na hapo mtu makini ana haki ya kutia shaka. Lakini hakuvitunga yeye.

Ndiyo maana kazi yake ilikuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Kuandika kwamba Sam Adams, kinara wa mapinduzi, aligoma kujifunza kupanda farasi mpaka utu uzima, ni sentensi moja tu. Kuipata hiyo sentensi ni kufukua makaratasi ya miaka mia mbili.

Na kuna kitabu kimoja ninachokipenda kuliko vyote, cha mwaka 1977, kinachomhusu Mfalme George wa Tatu, yule aliyeyapoteza makoloni ya Marekani. Binti aliyekataa kumwimbia George mmoja, alipokuwa mama mtu mzima aliketi akamsikiliza George mwingine: baba wa watoto 15, mpenda kilimo, mbana matumizi, asiyeelewa hata kidogo kwa nini wale watu wa ng'ambo hawamtii. Hakumtetea. Alimweka tu mahali ambapo mtoto wa Kimarekani angeweza kumtazama adui usoni.

Nasi tunayo yetu. Fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyefariki mwaka 1898, limetajwa kwa jina katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kati ya mambo mazito ya kumaliza vita vya dunia. Wajerumani walipewa miezi sita kulikabidhi. Lilirudi Kalenga mwaka 1954. Gavana Twining alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu kama 2,000, akatenga yale ya Afrika Mashariki, akalinganisha vipimo na vichwa vya jamaa wa marehemu, kisha akachagua moja lenye tundu la risasi.

Mwalimu atakayeisimulia habari hiyo darasani hatakuwa na mwanafunzi anayesinzia. Ila ajiandae, maana yupo mtoto wa dawati la nyuma atakayenyoosha kidole: mwalimu, je, kama lile si lenyewe?