Eropleni ya Majini, Mzinga wa Mti na Mteremko wa Ufipa

Kuunda mifano midogo ya vyombo vya vita ni ufundi wa zamani, lakini mfano wa eropleni ya majini pamoja na meli yake ni kazi ya namna ya peke yake. Fundi hawezi kuunda chombo kimoja akaridhika. Hana budi aunde pia sitaha, maji, kamba, na watu walioshika kamba. Mafundi wa Ulaya huiita kazi hiyo diorama. Aghalabu huchagua meli za Bahari ya Kaskazini. Wachache hukumbuka kwamba mambo haya yalitendeka mapema sana katika pwani ya Tanzania, na tena katika Ziwa Tanganyika, ambalo Ufipa huliangalia kutoka juu.

Katika Novemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imeizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba, ilikuwa imejificha katika matawi ya mto Rufiji. Waingereza walimkodi Dennis Cutler, rubani kutoka Durban, pamoja na eropleni yake ya Curtiss yenye umbo la mashua, wakaichukua kwa meli Kinfauns Castle hadi kisiwa cha Nyororo. Joto liliishinda mashine ile, na yasimuliwa kuwa rejeta ya motokaa ya Ford ililetwa kutoka Mombasa ili kuipoza. Fundi mwaminifu atakayeiunda eropleni ya Cutler hawezi kuisahau rejeta hiyo.

Königsberg iliangamia Julai 1915, lakini mizinga yake iliopolewa. Mmoja wao, wenye mdomo wa milimita 105, ulipelekwa Kigoma ukawekwa juu ya Graf von Götzen, meli iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika makasha, ikaungwa upya kando ya ziwa. Ili kuipiga meli hii Wabelgiji waliazima kwa Waingereza eropleni nne za majini aina ya Short 827. Nazo zilikuja ndani ya makasha, kwa bahari, kwa reli na kwa mto Kongo, na katika Juni 1916 zikaanza kutupa mabomu Kigoma kutoka ng'ambo ya ziwa.

Kwa kipimo cha 1 kwa 72, ambacho mafundi hukipenda, mabawa ya Short huwa na upana wa sentimita 23 hivi, na Götzen huwa na urefu wa mita moja. Vyote viwili vyaenea juu ya meza. Lakini fundi akifika penye mzinga hupatwa na shida, kwa kuwa yasemekana mzinga wa Königsberg ulikuwa umekwisha kuondolewa kwa ajili ya vita vya bara, na mahali pake ukawekwa wa mti. Basi huunda mfano wa mfano.

Mizinga ya namna hiyo haikuwa Kigoma peke yake. Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, i ufukoni chini ya mteremko wa Ufipa, na magofu ya boma lao yamesalia pale. Tarehe 5 Juni 1916 Spicer-Simson, mkuu wa mashua za vita za Waingereza, alifika mbele ya boma hilo, akaiona mizinga, akageuza akaenda Kituta. Wajerumani wakapata nafasi ya kutoroka kwa vyombo vidogo, na Murray, aliyekuwa akija na jeshi la nchi kavu, akakasirika sana. Masimulizi ya vita hivyo yasema kuwa mizinga iliyomrudisha ilikuwa magogo. Wengi wamemcheka Spicer-Simson kwa hayo, wala si haki sana. Mtu aliye ndani ya mashua nyembamba hawezi kulipima gogo lililochongwa vizuri. Na aliyelichonga alijua kazi yake kuliko mafundi wengi wa leo.

Jina la fundi huyo wa Kasanga halikuandikwa popote penye jina la Spicer-Simson. Hapa ndipo uunzi wa mifano unapofaa kuwa elimu ya historia, maana ubao wa fundi una kingo, na kila kingo hukata kitu. Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba, jina la ziwa katika midomo ya wakaaji wa kusini. Meli, basi, imekumbukwa. Nchi iliyo juu yake hukatwa. Sumbawanga i mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na ziwa ni chini yake kwa mita 1,000 na zaidi. Anayetaka kuuweka mteremko huo nyuma ya meli yake, kwa kipimo kile kile, ataunda ukuta wa mita 14.

Na juu ya mteremko walipita watu. Jeshi la Murray lilikula na kupiga risasi kwa vitu vilivyobebwa vichwani mwa wapagazi. Mtu mzima, kwa kipimo hicho, hupata sentimita 2 na nusu hivi, na maofisa wawili waweza kusimama sitahani bila taabu. Wapagazi 1,000 wakipangwa mmoja nyuma ya mwenzake, kwa nafasi ya mita 2, mstari wao huwa wa mita 28: hushuka mezani, huvuka chumba, na hutoka mlangoni.