Ile Fremu Mjomba Alikataa Kulipia

Wasee, leo sio mambo ya mpira wala muziki. Leo ni trekta. Msihepe, nipeni dakika tatu.

Mwaka jana mjomba alichukua mkopo wa sacco akanunua katrekta kadogo ka mtumba kutoka Japani. Mpango ulikuwa poa: kuchimba mitaro ya maji na mashimo ya choo. Akapata pia mkono wa kuchimba, ule sisi huita JCB hata kama ni wa kampuni nyingine. Muuzaji akamwambia fremu ya chini inauzwa kando. Mjomba akaona anakamuliwa. "Vyuma viwili vya kulala chini ya trekta, na bei yote hiyo?" Akaenda kwa fundi wa kuchomelea, mkono ukashikwa kwa zile pointi tatu za nyuma za kubeba plau, kazi ikaanza.

Wiki ya tatu trekta ikapasuka katikati. Ufa ulipita kwa ganda la klachi, oili ikamwagika yote. Nilicheka kwanza. Halafu nikaona vile amekaa juu ya jiwe bila kuongea, nikanyamaza. Usiku huo nikaanza kusoma, na kumbe hiyo fremu iko na historia ndefu kuliko mkopo wake.

Trekta nyingi za kwanza zilikuwa na fremu kama lori: vyuma virefu chini, injini juu. Wallis Cub ya 1913 huko Marekani ilishaanza kuachana nayo. Mwaka wa 1917 Henry Ford akaanza kutoa Fordson kwa wingi, na hiyo haikuwa na fremu kabisa. Injini, klachi na giaboksi zilifungwa kwa bolti, moja nyuma ya nyingine, na maganda yao ya chuma ndiyo yakawa uti wa mgongo. Vyuma vilipungua, bei ikashuka. Trekta ndogo nyingi za leo bado zimejengwa hivyo. Chungulia chini, hautaona fremu.

Halafu akaja Harry Ferguson kutoka Ireland na zile pointi tatu za nyuma, zilizopata umaarufu kwa Ford 9N ya 1939. Alikuwa anatatua shida ya plau. Plau nzito ilikuwa inaweza kufanya trekta iinuke mbele na kumwangukia dereva, so akapanga vyuma vyake ili nguvu ya plau isaidie kubana trekta chini. Hesabu yake ilikuwa ya kuvuta. Kuchimba shimo ni hesabu nyingine.

Mwaka wa 1947, Vaino Holopainen na Roy Handy wa Massachusetts walitengeneza mkono wa kuchimba unaosukumwa na oili yenye presha. Kampuni yao iliitwa Wain-Roy. Mwaka uliofuata waliuza wa kwanza, ukiwa umefungwa kwa Ford 8N, kwa kampuni ya umeme ya Connecticut. Bei ilikuwa dola 705. Mwaka wa 1953 Joseph Cyril Bamford wa Uingereza akafunga ndoo mbele na mkono nyuma ya Fordson Major. Hizo herufi tatu tunazotaja kila siku ni za jina lake. Mwaka wa 1957 kampuni ya Case ikatoa modeli 320, mashine iliyotoka kiwandani ikiwa na vyote viwili.

Sasa sikiza hapa. Ndoo ikiuma udongo mgumu, inavuta na kuinua kwa wakati mmoja. Hiyo nguvu lazima iende mahali. Bila fremu, inaishia kwa ganda la nyuma na bolti zake, na hicho ni chuma cha kumiminwa kwa kalibu: kigumu, lakini ukikipinda hakikunjiki, kinapasuka. Fremu inaanzia kwa mkono, inapita chini ya ekseli ya nyuma, inaenda kushikwa huko mbele. Mzigo unagawanywa kwa trekta nzima.

Na hiyo sio sehemu mbaya zaidi. Pointi tatu zinaweza kuinuka zenyewe, juu kinachozishikilia chini ni uzito tu. Mkono ukiruka juu, mwenye kuchimba ako katikati, kati ya mkono na kiti cha trekta. Mjomba alikuwa amekaa hapo wiki tatu.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Ford aliondoa fremu ili trekta iwe bei rahisi, na hakukosea, juu yake ilikuwa ya kulima. Anayetaka kuchimba anarudisha kile Ford alitoa, na lazima akilipie. Fundi wetu wa jua kali hana shida ya mikono. Shida ni muuzaji kusema "inauzwa kando" kama vile ni redio ya gari, bila kueleza inafanya kazi gani. Angetumia dakika mbili tu, mjomba angekuwa na trekta.

Mjomba sasa ametafuta ganda lingine, na fundi yule yule anamtengenezea fremu, safari hii akipima kutoka nyuma hadi mbele. Juzi nilimpata amelala chini ya trekta na tochi, anahesabu bolti. Mkopo bado unakatwa kila mwezi.